Blanketi la kubeba ukihamia Lushoto kutoka Tanga mjini

Aliyezoea kulala Ngamiani, Tanga mjini, kwa shuka moja na feni ikizunguka hutaabika akipangiwa kazi Lushoto, hasa akifika kati ya Juni na Agosti, kipupwe kimekaza. Mkoa ni huohuo, lakini Tanga mjini iko usawa wa bahari na Lushoto iko mita 1,400 hivi juu, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kama nyuzi 6. Juu ya hayo kuna ukungu. Kwa hiyo blanketi la huko nalipima kwa mambo mawili: linatunza joto, na linakauka. Hili la pili watu hulisahau wakiwa dukani.

La kwanza kwangu ni duveti. Ndani limejaa hewa, na hewa hiyo iliyonaswa ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Ni jepesi, na unafua foronya yake tu, lenyewe ukalingojea siku ya jua kali. La mtumba halina ubaya, mradi ulikunjue lote na kuliinua kwenye mwanga. Ukiona ujazo umejikusanya pembeni na katikati ni tupu, liache, hata muuzaji ashushe bei vipi.

La pili ni blanketi la sufu. Sufu hutunza joto hata ikishika unyevu, na milimani sifa hiyo ni kubwa. Nisingeliweka nyuma ya duveti kama lingepatikana kirahisi, lakini mitumbani kila blanketi zito huitwa sufu. Omba uzi mmoja uuchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na moto huzimika wenyewe, polista huyeyuka ikawa kitone kigumu. Kagua pia matundu ya nondo.

Blanketi la manyoya, lile zito la maua makubwa, naliweka la tatu, najua wengi watabisha. Joto linalo. Lakini ukilifua kwa mkono, kulikamua ni kazi ya watu wawili, na wakati wa ukungu laweza kushinda kambani siku kadhaa mpaka livunde. Mwenye mtoto anayekojoa kitandani asilitegemee peke yake.

Shuka la kimasai ni la kujitupia mabegani alfajiri. Usiku linahitaji mwenzake. Blanketi jembamba la pamba ni la mwisho kabisa, kwa kuwa pamba hunywa unyevu na kukaa nao.

Kama utalaza godoro chini, tandika mkeka mnene kwanza, maana sakafu ya saruji hunyonya joto la mgongo usiku kucha.

Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie chumbani mnapolala. Mkaa ukiwaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Pesa ya mkaa huo iongeze upate duveti nene zaidi.