Hilux ya 3L ilinifia Kitonga: nilichojutia, na nilichonunua Gerezani

Nina Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L. Nabebea vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa mjini, kwa hiyo mlima Kitonga ni wangu kila wiki. Siku hiyo nilikuwa na magunia kumi. Kona ya tatu tu, mshale wa joto umeshagonga juu. Nikasimama, utingo akarukia jiwe akaweka tairi la nyuma. Fundi alipokuja kuchomoa kijiti cha oili, ikatoka rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia kwenye oili.

Hapo ndipo ubahili uliponiponza. Gereji moja, jina nalihifadhi, waliniambia ovahoo, yaani kuifungua injini na kuifufua, ni 2,300,000: ringi, beringi za krenki, gasketi, na hedi (kifuniko cha juu cha injini) kusawazishwa. Injini kamili ya mtumba ilikuwa inakaribia mara mbili. Nikasema hewala, fanyeni ovahoo. Miezi minne haikuisha, imechemsha tena. Kuifungua, hedi ina ufa katikati ya vali mbili, wa zamani kabisa; waliupitishia mashine ukang'aa, kisha hedi ikarudishwa hivyohivyo. Rejeta hawakuigusa. Ukimimina maji juu, chini yanadondoka kama bomba la mgao.

Basi nikapanda basi kwenda Dar, na fundi wangu mwingine, mzee wa Ipogolo ambaye kwanza alininunia siku mbili kwa kutomwuliza mapema. Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, dalali alituganda na 1KZ-TE, injini nyingine ya Toyota yenye turbo. Mzee akacheka: "Mama, hiyo pampu yake inaongozwa kwa umeme. Utaweza kuilisha?" 5L, ndugu mkubwa wa 3L, nayo ilinitamanisha. Ni cc 2,986 dhidi ya 2,779 za kwangu, na inakaa kwenye maunti zilezile. Lakini waliomba 5,500,000, nami mlima naupanda kwa gia ya pili hata ningekuwa na ndege. Kulikuwa na 3L ya bloku na hedi tu kwa 3,100,000, bila pampu. Usiikimbilie hiyo. Pampu ya dizeli ikikusumbua, unafuu wote umeisha.

Duka tulilonunua ni kibanda cha mabati, kijana mmoja na msaidizi wake. Nampa alama nzuri kwa sababu hakutuuzia maneno. Injini, 3L kamili, alikuwa ameifunga juu ya matairi, dizeli kwenye kidumu, maji kwa mpira. Akapiga stata, ikawaka mara ya kwanza, moshi kidogo kisha kimya. Akageuza kifuniko cha oili juu chini, akakilaza kwenye tundu lake huku injini inaunguruma. Kikachezacheza tu, hakikuruka, dalili kwamba ringi hazivujishi sana. Mzee akaridhika nusu. Akaomba izimwe, akachomoa plagi za kupashia moto, akafunga geji yake mwenyewe ya kupima mgandamizo wa kila silinda: 29, 28, 29, 27, kilo kwa sentimita ya mraba. Toyota wanaruhusu ishuke mpaka 20 kwa injini hii, isipungue hapo, na silinda zisipishane zaidi ya 5. Hapo ndipo niliposhika mkoba.

Tuliishia 4,000,000 kutoka 4,200,000. Kijana akapaka rangi nyeupe kwenye vichwa vya bolti za hedi: ukifungua mwenyewe, dhamana ya siku saba imekufa. Siku saba ni chache mno kwa injini inayosafiri hadi Iringa, nilimwambia, na hakubadilika. Risiti aliandika namba iliyochongwa kwenye bloku, nami nikaikagua kwa tochi, maana kadi ya gari ina namba ya injini na TRA wangenirudisha.

Usafiri 150,000 kwenye lori lililokuwa linarudi tupu. Kufunga 250,000. Kisha mzee akakataa kuiwasha mpaka ninunue rejeta mpya na themostati, na belti ya taiming akaibadilisha palepale kabla injini haijaingia. Nililalamika, nikalipa. Jumla yote ikanivuka 5,000,000 kidogo, ukiacha ile 2,300,000 iliyokwenda na maji.

Ni mwezi wa kumi na nne sasa. Mshale unasimama chini kidogo ya nusu hata nikiwa nyuma ya malori yanayojikokota Kitonga. Kasoro niliyoipata ni stata: ilikufa wiki ya tatu. Kijana alituma nyingine kwa basi bila ubishi, ila nauli ya mzigo nililipa mimi.