Kung'oa pawa stelingi kwenye Starlet ya mbio: kazi ya shilingi 9,500

Nina Toyota Starlet EP82 ninayoikimbiza kwenye autokrosi (mbio za magari kwenye njia ya vumbi), daraja la magari yasiyo na tabo (turbo). Pampu ya pawa stelingi ilianza kulia kila nikikata kona, na oili yake ikawa inadondokea ekzosi. Moshi ukifuka chini ya boneti siku ya mashindano, mkaguzi hakupitishi. Pampu kule Grogan, kwenye maduka ya spea Nairobi, zipo tele, lakini zote za mtumba, na yangu iliyokuwa ikilia ilitoka hukohuko. Nikaamua ing'olewe kabisa.

Gereji iko Industrial Area, Nairobi. Jina silitaji kwa kuwa nina lawama nao, ingawa kazi yenyewe nimeipenda.

Mafundi wengi hutoa pampu na mkanda, wakaunganisha zile paipu za raki (chuma chenye meno kinachogeuza tairi za mbele) kwa kipande cha mpira, wakakudai pesa. Usikubali. Ndani ya raki kuna pistoni yenye pete inayotenganisha upande wa kushoto na wa kulia. Pete ikibaki, kila ukizungusha usukani unasukuma oili kwa nguvu ya mabega yako. Fundi aliniambia mapema: "Mzee, pampu hata turnboi atatoa. Hapa unalipia raki." Akaifungua mezani, akaikata ile pete, akamwaga oili yote, akapaka grisi kwenye meno, kisha akaziba matundu ya paipu kwa boliti na washa za shaba.

Kisha pinioni, ile gia ndogo ya mwisho wa shina la usukani inayosukuma raki. Ndani yake kuna kijiti chembamba cha chuma kinachojipinda kidogo ili kufungua vali ya oili. Pawa ikishaondoka, huko kujipinda hakuna faida: unageuza usukani na tairi zinachelewa kuitika. Alikifunga kwa kuchomelea kwa gesi ya agoni, nukta moja, akasubiri mpaka chuma kishikike kwa mkono, ndipo akaweka nukta ya upande wa pili, joto lisije likapinda shina. Akaibana kwenye vaisi akaniambia nijaribu kuizungusha. Haikucheza hata kidogo.

Sasa lawama. Toyota nyingi za miaka hiyo zina mipira miwili midogo kutoka kwenye pampu kwenda kwenye injini, ya kupandisha sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) wakati usukani unapoelemewa. Waliiacha wazi. Nilipowasha, injini ikawa inapanda na kushuka yenyewe. Kijana wa mapokezi, bila hata kuinua macho kwenye simu, akasema ni kabureta. Gari ni la injekta! Ilibidi fundi aitwe kutoka kwenye chakula chake aje aizibe kwa vifuniko viwili vya mpira.

Njiani? Likisimama ni zito, lisikudanganye mtu. Likianza kutembea uzito unapungua, na kwenye murram napata habari za tairi za mbele ambazo zamani pawa ilikuwa inazimeza. Ila kwenye makorongo usukani unapiga teke, kwa hiyo toa vidole gumba ndani ya usukani. Kasi usiitarajie, pampu ilikuwa inakula nguvu kidogo tu, na uzito uliopungua ni kilo chache. Faida yangu ni kwamba sina tena oili ya kuvuja wala mkanda wa kukatika.

Kabla hujalipa, zunguka kwanza Grogan uulizie raki ya Starlet iliyotoka kiwandani bila pawa. Meno yake yamepangwa kwa ajili ya mikono mitupu, unazungusha usukani mara nyingi zaidi lakini kwa wepesi. Mimi niliikosa. Ukiipata kwa bei nzuri, inaishinda hii yangu.

Mwenye Subaru ya tairi pana na pua nzito asijaribu. Mimi nimebaki na rimu za inchi 13 na tairi nyembamba, na hata hivyo kupaki mjini Jumamosi ni jasho.