Gari lenye nguvu la wikiendi: matairi gani ununue ukiwa Tabora

Mwenye Toyota Mark X ya injini ya lita 3.5 analijua hili vizuri: mvua imekatika sasa hivi, unatoka kwenye makutano, unakanyaga mafuta kidogo tu, matairi ya nyuma yanaspini na mkia unaanza kuhama. Wengi wakishaonja hivyo hukimbilia rimu pana au springi za kushusha gari. Pesa hiyo ingeanzia kwenye matairi. Injini ile ina nguvu za farasi 318, na zote zinapitia magurudumu mawili ya nyuma, ambayo kila moja linagusa lami kwa eneo la kiganja cha mkono hivi. Mpira wa hapo ukiwa mgumu au mzee, hakuna springi itakayokusaidia.

Ushauri mwingi wa matairi umeandikwa kwa watu wenye barabara tofauti na zetu. Tabora tuna lami nzuri ya kwenda Nzega, Urambo na Sikonge, lakini kando ya lami ni mchanga, na malori na bodaboda huupandisha barabarani kila siku. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni ukavu mtupu, vumbi na matone ya oili yanajipaka kwenye lami. Mvua za kwanza za Novemba zikigusa, barabara inateleza kuliko itakavyoteleza Januari ikishaoshwa. Halafu gari lenyewe ni la wikiendi: Jumatatu hadi Ijumaa limeegeshwa chini ya mwembe, Jumamosi ndiyo linatoka. Tairi la gari kama hilo huzeeka kabla halijaisha. Kwa hiyo kununua mpira mgumu "ili udumu" ni kulipia kilomita ambazo hutazitembea, na wakati huohuo unapoteza mshiko kila siku unayoendesha.

Kabla ya kuulizia bei, soma ubavu wa tairi. Tafuta herufi DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne: 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Michelin wenyewe wanashauri tairi likifika miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama linaonekana zima. Kwa gari lenye nguvu mimi nisingenunua tairi dukani ambalo tayari lina zaidi ya miaka miwili. Matairi mengi pia yana neno TREADWEAR na namba. Namba ikiwa ndogo, kwa kawaida mpira ni laini na unashika zaidi, ila unaisha mapema. TRACTION ina madaraja ya AA, A, B na C, na inapima breki kwenye barabara iliyolowa, gari likiwa limenyooka. Haisemi lolote kuhusu kona, kwa hiyo usiipe uzito kupita kiasi, lakini B kwenye gari la aina hii achana nayo. Mwisho wa saizi kuna herufi ya mwendo: H ni hadi kilomita 210 kwa saa, V 240, W 270. Hakuna anayehitaji mwendo huo hapa, ila tairi la V au W limejengwa kuhimili joto na nguvu kuliko la T, ambalo ni la kilomita 190.

Sasa mpangilio wangu.

1. Tairi la spoti la barabarani. Hapa nazungumzia matairi kama Michelin Pilot Sport 4, Bridgestone Potenza Sport au Goodyear Eagle F1 Asymmetric, yale ambayo TREADWEAR yake inacheza kwenye 300 hivi. Mpira wake umechanganywa kwa ajili ya lami ya moto na iliyolowa pia, na mifereji yake mipana inayozunguka tairi zima ndiyo inayotoa maji. Hicho ndicho kinachonifanya niliweke juu. Wikiendi ya Tabora inaweza kuanza na jua kali saa sita na kuishia na mvua ya radi saa kumi, na tairi hili linazimudu zote mbili. Udhaifu wake ni ubavu: kwenye rimu ya 18 shimo moja linaweza kulitoa kidonda, na saizi ikikosekana hapa mjini utaagiza Dar es Salaam au Mwanza na kusubiri mzigo wa basi. Ukiagiza, mwambie muuzaji akutumie picha ya DOT ya kila tairi kabla hujalipa. Muuzaji makini hatakataa.

2. Tairi la safari la daraja la juu. Michelin Primacy na Bridgestone Turanza ni mifano. Halina kelele, linavumilia barabara mbovu, na kwenye maji linasimama vizuri. Mwenye Mark X ya 2.5 au Crown anayebeba familia kwenda Urambo kusalimia wazee, kwake hili ndilo namba moja wala asisumbuke na lile la juu. Linashindwa pale unapokanyaga mafuta ukiwa katikati ya kona.

3. Tairi jipya la Kichina lenye namba nzuri. Kuna watu watashangaa kuliona juu ya mtumba wa chapa kubwa. Nalisema kwa uhakika: tairi la mwaka jana lenye TRACTION A na herufi W, hata kama jina lake hulijui, ni salama kuliko tairi la jina kubwa lililozaliwa miaka minane iliyopita. Mpira ukikauka, jina halishiki lami.

4. Tairi la spoti kali. Yokohama Advan Neova AD08R ina TREADWEAR ya 180. Bridgestone Potenza RE-71RS ni 200. Kwenye lami kavu na ya moto ni moto kwelikweli. Lakini yamekatwa mifereji michache, kwa hiyo kwenye maji yaliyotuama gari huelea mapema, na mpira ule laini huokota mchanga na kokoto. Juu ya mchanga hakuna mpira wa barabarani unaoshika, uwe wa bei gani. Kama una gari jingine la msimu wa mvua, na hili linatoka kuanzia Juni hadi Septemba tu, nunua. Vinginevyo, hapana.

5. Mtumba. Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Magari na matairi mengi yanatoka Japani, na mikoa ya kaskazini kama Hokkaido wanatumia matairi ya barafu. Fundi atakuonyesha na kusema kwa nia njema kabisa, "Kaka, hizi bado mpya, angalia zilivyo na meno." Ni kweli meno yamejaa. Lakini inama uangalie kwa karibu: kila jino limechanwa vijimistari vyembamba vya kupindapinda, vingi mno, kama wembe ulipita. Bonyeza kwa ukucha, mara nyingi unazama. Ubavuni kumeandikwa STUDLESS, au kuna alama ya mlima wenye theluji ndani, na herufi ya mwendo mara nyingi ni Q, yaani kilomita 160. Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx zote ni za jamii hiyo. Kwenye barafu ni matairi bora. Kwenye lami ya Oktoba ya Tabora yale meno hucheza, usukani unachelewa kuitika, na breki zinahitaji nafasi ndefu zaidi. Ukilifunga kwenye gari la nguvu za farasi mia tatu unajiweka hatarini, wewe na aliyekaa pembeni yako. Mtumba wa tairi la kawaida nao, kama hali ni ngumu, uwe chini ya miaka mitano na usiwe na kiraka cha ubavuni. Zaidi ya hapo bora usubiri.

Kuhusu saizi, usikimbilie upana. Mark X za kizazi cha pili huja na 215/60R16 au 235/45R18: namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Ubavu wa ile ya kwanza ni milimita 129, ya pili 106. Kwa mashimo na matuta yetu, wenye rimu ya 16 wasione aibu kubaki nayo, mradi breki za gari lao zinaruhusu. Tairi pana kupita la kiwandani huanza kuelea mapema kwenye maji.

Ukiwa na pesa ya matairi mawili tu, kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma mapya yafungwe nyuma. Subaru inayosukumwa na magurudumu yote manne ni habari nyingine: yote manne yawe aina moja na yameisha sawasawa, maana kampuni yenyewe haitaki mzingo utofautiane zaidi ya robo inchi. Kuchanganya kunachosha difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na difu hiyo ni ghali kuliko matairi.

Siku ya kufunga simama hapohapo. Tairi lenye mshale wa ROTATION lizunguke upande wa mshale. Lenye neno OUTSIDE, neno hilo lionekane kwa nje. Likifungwa kinyume, mifereji haitoi maji ilivyokusudiwa. Upepo ujazwe kwa namba ya kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, asubuhi gari likiwa limelala, kwa geji yako mwenyewe. Joto likipanda nyuzi tano au sita, upepo huongezeka kama PSI moja, kwa hiyo usiupunguze mchana ukidhani umezidi. Piga alaimenti siku hiyohiyo. Kilomita mia chache za mwanzo endesha kwa upole, kwa sababu tairi jipya lina utelezi wa kiwandani unaotoka polepole, na nati zikazwe tena ukishatembea kilomita 50 hadi 100.