Kalamu ya UV ya sola: nimepanda nayo Kilimanjaro kwa njia ya Machame mara tatu, haya ndo yaliyonikuta

Hii kitu sikuinunua, mgeni aliniachia geti la Mweka pamoja na tip, kalamu yenye taa ya UV ya kuulia vidudu kwenye maji pamoja na kapaneli kake ka sola ka kukunja. Mi ni mpishi wa mlimani, mgeni akiharisha kampi ya Shira wa kwanza kutazamwa ni mimi, so nikasema ngoja niijaribu.

Kuitumia hakuna kazi, unajaza chupa ya lita moja, unachovya taa, unakoroga sekunde 90, unakunywa. Wageni wameipenda sababu vidonge vya klorini kwenye maji ya baridi vinachelewa alafu vinaacha ile harufu ya swimingi puli. Ila tuelewane, taa inaua, haichuji. Mvua ikinyesha ule mto wa Karanga unashuka na tope na kwenye tope mwanga haupiti, lazima uyachuje na kitambaa au uyaache yatulie kwanza. Na hayana dawa ndani, ukiyamimina kwenye chupa chafu umerudi pale pale.

Sasa sola. Nilidhani ndo itaniangusha, wapi, jua la huku juu ni kali na paneli kumbe inapenda baridi, asubuhi pale Shira naitandika juu ya hema inakula chaji vizuri tu. Tatizo ni ratiba, jua likiwa zuri nyie mnatembea, mkifika kampi mchana ukungu nao umefika. Nikaja kumfungia mgumu (mpagazi) mmoja paneli juu ya mzigo wake wa kichwani, toka Shira mpaka Barranco kapanda Lava Tower kashuka na sola kichwani, wenzake wakamuita Tanesco mpaka safari imeisha. Lakini chaji ilijaa!

Betri ndo mgonjwa. Safari ya kwanza, kampi ya Barafu, mita 4,600 na kitu, naamka saa tano usiku nijaze chupa za wageni wapande kileleni, nabonyeza, kimya, na jioni niliiacha imejaa kabisa. Baridi imeinyonya. Nikarudi kwa gesi yangu huku natukana kimoyomoyo. Siku hizi nalala nayo ndani ya slipingi begi na haijanigomea tena, ila usije ukachaji betri ya lithiamu ikiwa imeganda, utaiua moja kwa moja.

Kwa kundi kubwa usijidanganye. Barafu hakuna maji, wagumu wanayabeba kwenye madumu toka Karanga, sasa piga hesabu wageni 8 kila mmoja lita 3, hizo ni lita 24, dakika 36 umesimama unakoroga kwenye upepo ule, na supu nani anaangalia? Hapo sufuria bado mfalme. Wapo wanaosema maji ya Barafu hayawi salama kwasababu yanachemka kwenye nyuzi kama 85 tu, si kweli, yaache yatokote dakika tatu vidudu vya kuharisha vinakufa, kisichoiva ni maharage. Shida ya kuchemsha ni gesi, na huo mtungi kuna binadamu anaubeba.

So mi nafanya hivi, jikoni nachemsha, kalamu naiacha kwa muongoza wageni, ya kujazia chupa njiani mchana, kuanzia Karanga kwenda juu ndo sitegemei kingine zaidi ya moto. Kama mko wawili watatu naipa 8 kwa 10, kwa jiko la kundi naipa 4 na hapo nimeona haya sababu ni zawadi. Ukitaka kununua yako tafuta yenye betri ya kutoa, ubebe na ya spea mfukoni karibu na mwili, hii yangu imefungiwa ndani kwa hiyo nalala na kalamu nzima.