Kadi mbili za michoro ndani ya Linux: kila moja ipewe kazi yake
Kompyuta ya mezani yenye kadi ya Radeon (ya AMD) na nyingine ya GeForce (ya NVIDIA), ikiendeshwa na Linux, siku hizi huwaka na kutambua monita zote bila mtumiaji kuandika faili la mipangilio kwa mkono, shughuli ambayo enzi za Xorg, programu ya zamani ya kuonyesha picha kwenye skrini, iliwakesha wengi. Kwa hilo mfumo unastahili sifa. Anayetarajia kadi hizo ziunganishe nguvu katika mchezo mmoja, hata hivyo, atavunjika moyo, kwani michezo mingi hutumia kadi moja tu na ya pili hubaki ikila umeme bure.

Manufaa yapo katika kugawana kazi. Kupitia PRIME, teknolojia ya Linux ya kushirikisha kadi mbili iliyoasisiwa na Dave Airlie mwaka 2010, kadi moja huchora picha na nyingine huipeleka kwenye skrini. Kwa draiva huria (programu za kuendesha kadi) za mradi wa Mesa, kutanguliza DRI_PRIME=1 kabla ya jina la programu katika amri ya kuifungua kunatosha; draiva ya NVIDIA, iliyopata uwezo huo katika toleo la 435 mwaka 2019, hudai maneno marefu zaidi. Blender, programu ya michoro ya 3D, nayo hugawa kazi kwa kadi kadhaa, lakini haichanganyi Radeon na GeForce katika kazi moja, hivyo mchoraji anunue mbili za kampuni moja.

Udhaifu mkubwa uko kwenye monita iliyochomekwa kwenye kadi ya pili. GNOME, mazingira ya eneokazi la Linux, ikitumia Wayland, mrithi wa Xorg, huchagua kadi moja kuwa kuu, na picha za monita hiyo hulazimika kunakiliwa kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na bodi mama. Picha moja ya 4K ina takribani megabaiti 33; zikiwa 60 kwa sekunde, zinafika gigabaiti 2, ilhali nafasi ya PCIe 3.0 yenye njia nne, ambayo ndiyo hupatikana kwenye bodi mama nyingi za bei nafuu, haifikishi gigabaiti 4 kwa sekunde. Nusu ya uwezo wake imekwisha kabla kazi yenyewe haijaanza! Ni heri monita zote zichomekwe kwenye kadi kuu.

Mwenye kazi za ofisi na monita mbili hahitaji mpango huu. Fedha zake zitafaa zaidi kwenye RAM. Ninaoupendekeza bila kusita ni ule wa kuitenga kadi ya pili kwa VFIO, zana ya Linux ya kukabidhi kifaa kwa kompyuta pepe, na kuikabidhi kompyuta pepe ya Windows, mradi pawasaplai iwe na nguvu ya kutosha.