Gemu ya hesabu darasani: watoto wameipenda, mimi imenipandisha presha

Kwanza sijatumwa na mtu, na jina la kampuni silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Mimi nafundisha gredi ya nne hapa Lamu na lisensi ya hii gemu tulinunua muhula uliopita kama sio ule wa nyuma yake, kwa pesa za wazazi walizochanga kidogo kidogo, kwa hiyo mtanisamehe nikifoka.

Tableti zilikuweko. Si mnazikumbuka zile za serikali zilizoanza kugawiwa 2016 kwa darasa la kwanza? Kuna zinazowaka bado, alhamdulillahi, ila ni chache, watoto wanne wanabanana kwenye moja. Ajenti alipokuja akasema hapana, kila mtoto awe na yake ndio atafaidika. Hapo mimi nakataa, tena kabisa. Siku moja limetokea swali, ipi kubwa, robo tatu au theluthi mbili, kikundi kikagawanyika wawili huku wawili kule, kelele mpaka darasa la jirani wanachungulia. Mmoja akachukua chaki akachora mikate miwili ya sinia juu ya dawati, akaikata, akawaambia wenzake, "Nyinyi mwaangalia kilicholiwa, angalieni kilichobaki! Huyu kabakisha robo, yule kabakisha theluthi, haya nani kala sana?" Wallahi nilinyamaza. Mimi hiyo huifundisha kwa kuzifanya namba za chini ziwe sawa, tisa kwa kumi na mbili, nane kwa kumi na mbili, wanaandika vizuri na hawaelewi kitu.

Sasa kilichoharibu ni saa. Hiyo gemu ina kisaa kinakimbia pembeni, mwenye mkate wake hajamaliza kueleza kioo kikawa chekundu, muda umekwisha, pointi zimekatwa. Yaani mwenye kidole chepesi anayebahatisha anapata nyota, anayefikiri anaadhibiwa! Nimeingia setingi zote kutafuta pa kukizima, hakuna.

Na si kwamba jambo hili ni geni. Oregon Trail, ile gemu ya historia waliyoitengeneza walimu watatu waliokuwa bado mafunzoni huko Minnesota, Marekani, 1971, ilianza na mashine moja ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta ya mbali, isiyo na hata kioo, watoto wanacheza kwa makundi, wanabishana hatua ya kufuata. Miaka hamsini na ushei hiyo. Hawa wangu wa kisasa wakaona bora watuwekee saa.

Haya, hilo ningelimeza. Kilichonichoma ni siku tableti zote katikati ya somo zilipoandika ingia upya kwenye akaunti. Ajenti aliapa haihitaji intaneti! Intaneti yetu ni hotspoti ya simu yangu, na siku hiyo mtandao unasuasua hata meseji haiendi. Nikapiga kastoma kea, darasa zima wananikodolea macho, kijana akaniambia, "Madam, kwani huko Lamu mko na intaneti kweli? Si mngebaki na vitabu vyenu tu." Akacheka. Yakhe, pesa ilipoingia kwa M-Pesa mbona hukuuliza kama Lamu kuna mtandao? Nikakata simu, maana nilichokuwa nacho mdomoni si cha kusemwa mbele ya watoto.

Kwa hiyo msinunue. Yaani kama shule yenu ina intaneti ya uhakika sijui, labda, maana wale waliokuwa kipindi cha hesabu kikifika wanaomba ruhusa ya kwenda chooni sasa wanawahi viti vya mbele, hilo siwezi kulificha. Nimejaribu GCompris, programu ya michezo ya kujifunzia, kwenye laptopu ya shule, hiyo ni bure na ukishaiweka haikudai intaneti, nzuri sana kwa wadogo, lakini wangu wanaiona ya kitoto.

Nyota mbili. Tatu, kwa ajili ya lile swali la robo tatu, swali ni lao lazima tuseme haki. La, mbili, nikikumbuka kile kicheko. Wakikitoa kisaa na ikafanya kazi bila mtandao kama walivyoapa, nitawaambia wazazi tulipe tena, ila simu apokee mtu mwingine.