Hedi na kabureta ya Land Rover Series 2.25: ununue ipi kwanza?

Injini ya petroli ya Land Rover Series, ile ya cc 2,286, huchoka juu, yaani kwenye hedi (kichwa cha silinda), kabla ya chini. Wengi wanakimbilia kabureta mpya huku vali zinavuja. Fedha inatoka na mlima unabaki ule ule. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza. Injini ikiwa ya moto, toa plagi zote nne, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata. Silinda iliyo nyuma ya wenzake itilie kijiko kimoja cha oili, upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha na hedi haitakusaidia. Isipopanda, ni vali au gasketi.

Chaguo la kwanza kwetu ni hedi yako mwenyewe, itengenezwe upya, pamoja na kabureta yake ya Zenith 36 IV. Petroli yenye risasi iliondoka kwenye vituo vyetu kufikia mwanzoni mwa 2006, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikikinga viti vya vali za eksozi. Kiti laini kinaliwa, vali inazama, nafasi ya tapeti (mwanya unaoachwa juu ya vali) inaisha, kisha vali inaungua. Kila ukirekebisha tapeti ukakuta nafasi ya eksozi imepungua tena, ujue hali ndiyo hiyo. Dai viti vinne vigumu vya eksozi, gaidi za vali (mirija inayoziongoza) mpya nane, na hedi ipimwe nyufa KABLA ya kulipia kazi nyingine. Uso uchongwe kiasi cha kunyooka tu.

Zenith inasingiziwa mengi. Moshi mweusi na sailensa (mngurumo wa injini gari likiwa limesimama) isiyokubali skrubu mara nyingi hutokana na kile kipande cha juu chenye jeti kupinda kwa kukazwa kupita kiasi, au oringi yake kukauka. Kisugue juu ya kioo kwa msasa laini hadi kilale sawa, weka oringi mpya, kaza kwa kiasi. Ikitulia, hakuna kabureta nyingine ya bomba moja tunayoipenda zaidi kwenye injini hii.

La pili: kama injini yako ina uwiano wa mgandamizo wa 7:1, tafuta hedi ya 8:1, nayo uitengeneze vivyo hivyo, kisha ufunge kabureta mpya ya Weber 34 ICH. Nafasi inayobaki juu ya pistoni inashuka kutoka cc 95 hivi hadi cc 82, na petroli ya leo inaimudu; taimingi (wakati wa cheche) lazima ipangwe upya. Weber hii ni nyepesi kutunza na haili sana mafuta, ila mdomo wake ni mdogo, hivyo kwenye mwendo mkubwa utaona upungufu. Jeti yake ya sailensa huziba kwa uchafu kidogo tu, kwa hiyo funga chujio la petroli. Hakikisha kifurushi kina bamba la kuunganishia na kiwiko cha hewa.

La tatu ni Weber 32/34 DMTL yenye midomo miwili, iliyotumika kwenye injini ya lita 2.5. Inafaa gari la mizigo, lakini nunua na manifoldi yake, usiunganishe vipande vya kuokoteza.

Tunaweka mwisho kabisa kabureta za kuiga zisizo na jina. Jeti zake hazifuati namba zilizoandikwa, na Arusha au Nairobi, ambako hewa ni nyepesi na mchanganyiko tayari unazidi petroli, kosa hilo linakula mafuta waziwazi.

Ukinunua hedi, nunua pia gasketi za hedi na za manifoldi. Fito zinazosukuma vali zirudi kila moja mahali pake. Bolti kubwa zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, hadi Nm 88. Manifoldi mbili (ya hewa na ya eksozi) zikaze kwenye hedi kwanza, ndipo ukaze bolti zinazoziunganisha zenyewe. Ukigeuza mpangilio, ya eksozi hupasuka.

Nafasi ya tapeti zote ni 0.25 mm. Vali ya 8 ikiwa wazi kabisa rekebisha ya 1, ya 7 ikiwa wazi rekebisha ya 2, jumla iwe 9 daima. Baada ya kilomita 500 hivi kaza hedi tena, kisha rudia tapeti, kwa sababu baadhi ya bolti hizo ndizo pia zinazoshika shafti ya roka.